Kupima jeni za moyo ulioumizwa na kemo: qPCR, maikroarei, RNA-seq au kiini kimoja kimoja?

Mwanafunzi anayeandika pendekezo la utafiti kuhusu dawa za saratani na moyo huanza karibu kila mara na swali la mashine: nitumie qPCR, inayopima jeni chache nilizozichagua, au nitafute fedha za RNA-seq, inayosoma RNA zote, yaani nakala za jeni zilizowashwa? Kwa maoni yangu hilo ni swali la tatu. La kwanza ni seli zipi utazipa dawa. La pili ni dawa kiasi gani, kwa saa ngapi. Ukikosea hayo mawili, mashine ya bei kubwa itakupa majibu mengi ya swali ambalo hukuliuliza. Ndiyo maana nalinganisha seli kwanza, kisha dozi, ndipo mashine.

Mfano wangu utakuwa doksorubisini, dawa nyekundu ya kundi la antrasiklini inayotibu saratani ya titi, limfoma, sarkoma na nyinginezo. Imetokana na bakteria wa udongo wa jenasi Streptomyces waliopatikana Italia, na jina lake la biashara, Adriamycin, limechukuliwa kwa Bahari ya Adriatic. Madhara yake kwa moyo yamejulikana kwa miongo mingi. Mwaka 1979 Daniel Von Hoff na wenzake walipitia rekodi za wagonjwa zaidi ya 3,900, wakaona moyo ukishindwa kwa asilimia 3 ya waliofikisha jumla ya miligramu 400 kwa kila mita ya mraba ya mwili, asilimia 7 kwa 550, na asilimia 18 kwa 700. Mwaka 2003 Sandra Swain na wenzake walipima upya kwa wagonjwa waliofuatiliwa kwa makini zaidi, na takwimu zikapanda: 5, 26 na 48.

Tazama takwimu hizo tena. Hata penye dozi kubwa kabisa, nusu ya wagonjwa mioyo yao ilihimili. Na kwa yule ambaye haikuhimili, kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) huonyesha nguvu ya moyo imeshuka wakati seli nyingi zimekwisha kufa, na seli za misuli ya moyo wa mtu mzima hazizaliwi upya kwa kasi ya kufidia pengo. Udhihirisho wa jeni, yaani jeni zipi zimewashwa ndani ya seli na kwa kiasi gani, hubadilika ndani ya saa chache baada ya dawa kuingia. Hiyo ndiyo sababu ya kuupima.

Seli zipi?

Chaguo la bei nafuu kuliko yote ni H9c2, seli zilizotolewa kwenye moyo wa kijusi cha panya buku miaka ya 1970. Zinakua haraka, zinavumilia makosa ya mikono mipya, na machapisho yaliyozitumia ni mengi mno. Tatizo lake si dogo. H9c2 hazipigi, na zinaendelea kugawanyika.

Kwa nini kugawanyika kuwe tatizo? Doksorubisini hunasa kimeng'enya kiitwacho topoisomerasi ya pili kikiwa kimeikata DNA, na mkato ukabaki wazi. Kimeng'enya hicho kina sura mbili. Seli zinazogawanyika, zikiwemo za saratani, zina TOP2A kwa wingi. Seli ya moyo wa mtu mzima, isiyogawanyika, ina TOP2B. Mwaka 2012 kikundi cha Edward Yeh huko Houston kiliondoa jeni ya Top2b kwenye seli za misuli ya moyo za panya, na panya hao wakakingika na madhara ya doksorubisini: DNA haikukatika kama ya wenzao, wala jeni za kutengeneza mitokondria, vinu vya nguvu vya seli, hazikuzimwa. Sasa mtu akimwaga doksorubisini juu ya H9c2 zinazogawanyika, zikafa, anapima kifo kipi? Huenda kwa kiasi kikubwa anapima jinsi dawa ya saratani inavyoua seli yoyote inayogawanyika. Hilo tulishalijua. AC16, seli za binadamu zilizopatikana kwa kuunganisha seli za ventrikali (chumba cha chini cha moyo) na faibroblasti (seli zinazojenga tishu za kushikiza na makovu) zilizopewa jeni ya virusi, zina faida ya kuwa za binadamu, lakini nazo zinagawanyika.

Seli za panya wachanga ni bora zaidi: zinapiga, na hazigawanyiki sana. Ila unahitaji banda la wanyama, kibali cha maadili, na mikono iliyozoea kuzitenganisha. Zikishatoka kwenye moyo hazikai muda mrefu.

Kisha kuna seli za moyo zinazotengenezwa kutokana na seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuzwa aina nyingine za seli. Unachukua damu au ngozi ya mtu, unazirudisha seli zake kwenye hali ya seli shina kwa njia aliyoianzisha Shinya Yamanaka, kisha unazielekeza ziwe misuli ya moyo. Zinapiga ndani ya sahani, na zinabeba jeni za mtu yule yule. Mwaka 2016 Paul Burridge na wenzake walitumia seli za wanawake waliowahi kutibiwa saratani ya titi kwa doksorubisini. Seli za wale ambao mioyo yao iliumia ziliumia zaidi ndani ya sahani pia kuliko seli za wale waliopona salama. Kwangu mimi hoja ya kutumia seli hizi iliishia hapo: hakuna seli nyingine ya maabara inayoweza kueleza kwa nini mama Fulani aliumia na jirani yake wa wodini hakuumia.

Lakini hazijakomaa. Zinafanana na seli za kijusi, zinapenda sukari kuliko mafuta kama chanzo cha nguvu, na kila mzunguko wa kuzitengeneza hutoa usafi tofauti: mara asilimia 95 ni misuli ya moyo, mara 70. Usipopima usafi huo kila mara, kwa mfano kwa kuhesabu seli zenye troponini T, protini ya misuli ya moyo, tofauti ya usafi itajitokeza kwenye matokeo yako ikijifanya athari ya dawa.

Panya mzima ana moyo mzima: mishipa, faibroblasti, seli za kinga, na ini linalovunja dawa. Anayetaka kujua kovu la moyo linaanzaje, au kinga ya mwili inachangia nini, hana njia ya kumkwepa panya. Na kipande cha moyo wa mgonjwa mwenyewe? Ni adimu. Hakuna daktari atakayemkata mgonjwa kipande cha moyo kwa ajili ya tasnifu yako. Vipande vilivyopo kwa kawaida vilihifadhiwa kwenye nta kwa sababu nyingine, na hiyo inabana uchaguzi wa mashine, kama nitakavyoeleza.

Dozi kiasi gani, saa ngapi

Hapa ndipo machapisho mengi yanaponikera. Mgonjwa akichomwa doksorubisini, kiwango kwenye damu hufika mikromola 1 hadi 2 (mikromola hupima wingi wa dawa ndani ya lita), kisha huporomoka upesi hadi chini ya robo ya mikromola. Halafu unasoma utafiti uliotumia mikromola 5 au 10 kwa saa 24 mfululizo, ukihitimisha kwamba jeni fulani "inahusika na sumu ya moyo". Kwa dozi hiyo kila kitu kinahusika.

Kuna sababu ya kikemia pia. Doksorubisini hujipenyeza katikati ya ngazi za DNA na kuzuia usomaji wa jeni wenyewe. Dozi ikiwa kubwa, jumla ya RNA ndani ya seli inashuka. Programu zinazochambua takwimu, kwa mipangilio yake ya kawaida, huchukulia kwamba jeni nyingi hazijabadilika, na hutumia jeni hizo kusawazisha sampuli. Dhana hiyo ikivunjika, programu inasawazisha kisichosawazishika: jeni iliyoshuka kidogo kuliko wenzake itaonekana imepanda. Kinga ni mbili. Kwanza, baki kwenye dozi za chini ya mikromola moja. Pili, kama lazima upande, ongeza kwenye kila sampuli kiasi kinachojulikana cha RNA ya kigeni, kama zile za ERCC, upate mzani wa nje, na ukiongeze kulingana na idadi ya seli.

Kuhusu saa, utafiti wa kikundi cha Michelle Ward wa Galveston, Texas, uliochapishwa mwaka 2024, ni mwongozo mzuri. Walichukua seli za moyo kutokana na seli shina za wanawake sita, wakazipa antrasiklini mbalimbali kwa dozi ndogo, wakapima baada ya saa 3 na baada ya saa 24. Saa 3 ilionyesha mabadiliko machache. Saa 24 maelfu ya jeni. Kama unatafuta chanzo, pima mapema. Kama unatafuta alama ya uharibifu, saa 24 inatosha. Kupima saa 24 peke yake kisha kudai umepata chanzo ni kosa ambalo msomaji makini atalishika mara moja.

Mashine sasa

qPCR ndiyo iliyo karibu. Tangu Uviko, mashine zake zimeenea kwenye maabara nyingi za Afrika Mashariki, na mafundi wanaoziendesha wapo. Inafaa pale ambapo tayari unazo jeni zako mkononi, tuseme kumi au kumi na mbili. Kwa doksorubisini orodha ya kuanzia haina siri: CDKN1A, MDM2 na GDF15 kwa mwitikio wa DNA iliyokatika, HMOX1 kwa chuma na msukosuko wa oksijeni, NPPA na NPPB kwa moyo uliolemewa, PPARGC1A kwa mitokondria, na TOP2B yenyewe. HMOX1 usiiache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutoka China uliona jeni hiyo ikipanda sana kwenye mioyo ya panya waliopewa doksorubisini, ikiachia chuma kutoka kwenye himu (molekuli inayobeba chuma), na seli zikafa kwa ule mtindo wa kifo unaotokana na chuma kuchoma mafuta ya utando.

Udhaifu wa qPCR uko kwenye jeni ya kulinganishia, ile inayodhaniwa haibadiliki. Watu huchukua GAPDH kwa mazoea. GAPDH ni kimeng'enya cha kuvunja sukari, na seli ya moyo iliyobanwa hubadilisha jinsi inavyotumia sukari. Ukiongeza na ukweli kwamba dawa yenyewe inapunguza RNA, unaona kwa nini jeni moja haitoshi. Jaribu kadhaa, chagua mbili au tatu ambazo hazikuyumba kwa dozi yako, na uzitaje kwenye ripoti. Mwongozo wa MIQE wa mwaka 2009, unaohusu kuripoti qPCR, unadai hivyo, na wahakiki wa majarida wanaujua.

Maikroarei: nunua? Hapana. Soma za wengine? Ndiyo, tena bure. Teknolojia hii inaona tu jeni ambazo vipimo vyake viliwekwa kwenye kioo, na jeni zenye RNA chache mno au nyingi mno haizipimi vizuri. Lakini hazina ya GEO, inayotunzwa na serikali ya Marekani, imejaa data za doksorubisini kwenye mioyo ya panya na kwenye seli, na yeyote anaweza kuzipakua. Kwa programu ya takwimu ya R na kifurushi chake cha limma, mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kulinganisha seti tatu au nne na kuona jeni zipi zinajirudia. Tasnifu nzuri ya shahada ya pili inaweza kutoka hapo bila kununua hata chupa moja ya kemikali. Nashangaa ni wachache wanaofanya hivyo.

RNA-seq husoma RNA zote za sampuli bila kuchagua. Kwa utafiti wa kugundua, hasa kwenye sahani ya seli safi, ndiyo ninayoipendekeza. Usomaji milioni 20 hadi 30 (vipande vya RNA vilivyosomwa) kwa kila sampuli unatosha kuhesabu jeni. Fedha zinazobaki usizitumie kuongeza idadi ya usomaji, zitumie kuongeza marudio. Utafiti wa mwaka 2016 uliotumia marudio 48 ya hamira ulionyesha kwamba marudio matatu, idadi inayopendwa na wengi, hukosa sehemu kubwa ya jeni zilizobadilika. Ukashauri angalau sita. Na rudio maana yake ni mtu mwingine au mzunguko mwingine wa kutengeneza seli. Visima vitatu vya sahani moja vilivyotoka kwenye chupa moja ni rudio moja.

Mambo mawili ya moyo hasa. Moyo una mitokondria nyingi, kwa hiyo sehemu kubwa ya usomaji wako itakuwa RNA za mitokondria hata sampuli ikiwa nzuri. Usiifute sampuli kwa kigezo kilichoandikwa kwa ajili ya damu. La pili ni zito zaidi. Ukisoma kipande kizima cha moyo wa panya, RNA yake ni kama juisi ya mchanganyiko: ukionja huwezi kusema embe limepungua au pasheni imeongezwa. Doksorubisini ikiua seli za misuli na faibroblasti zikajaza pengo, jeni za misuli zitaonekana "zimezimwa" ilhali seli zilizobaki hai hazikuzima chochote.

Hapo ndipo usomaji wa kiini kimoja kimoja unapopata haki yake. Seli nzima ya misuli ya moyo wa mtu mzima ina urefu wa zaidi ya mikromita 100, na haipiti vizuri kwenye mirija ya vifaa vya matone vinavyotumika kwa seli za damu. Kwa hiyo watafiti hutoa viini vya seli na kusoma RNA zilizomo. Ramani ya moyo wa binadamu ya mwaka 2020 ilitengenezwa kwa kuchanganya seli na viini, karibu nusu milioni, kutoka kwa watu 14 waliotoa viungo vyao. Kwa panya aliyepewa doksorubisini, njia hii inakuambia nani hasa aliyebadilika: misuli, faibroblasti, utando wa ndani wa mishipa, au makrofaji (aina ya seli za kinga).

Gharama yake ni kubwa kwa fedha na kwa fikra. RNA za kwenye kiini ni chache, na zile za mitokondria hubaki nje, hasara kwa dawa ambayo mitokondria ni miongoni mwa shabaha zake. Doksorubisini yenyewe hung'aa rangi nyekundu-machungwa na hukaa kwenye viini, kwa hiyo ukichuja viini kwa rangi ya propidiamu, mashine inaweza kusoma dawa badala ya rangi. Na kuna mtego wa takwimu: viini 10,000 kutoka kwa panya wawili bado ni panya wawili. Jumlisha hesabu za kila panya kwa kila aina ya seli, kisha linganisha panya kwa panya. Asiye na panya angalau wanne kila upande aiache njia hii.

Kwa vile vipande vya nta nilivyovitaja, RNA huwa imekatikakatika. RNA-seq ya kawaida inahangaika nayo. Mfumo wa nCounter, unaohesabu hadi jeni 800 zilizochaguliwa bila kuzizidisha kwanza, huvumilia RNA iliyochakaa. Ni chaguo la wenye vipande vya zamani, basi.

Kwa hiyo uchague nini?

Una bajeti ya tasnifu na msimamizi anayesisitiza H9c2: anza na data za GEO, toa jeni kumi zinazojirudia, zipime kwa qPCR kwenye seli ulizo nazo kwa dozi mbili ndogo na nyakati mbili, na useme wazi kwamba seli hizo zinagawanyika. Hiyo ni kazi ya kweli. RNA-seq ya marudio matatu kwenye H9c2 kwa mikromola 5 ni ghali zaidi na haina thamani hiyo.

Una ufadhili na mshirika mwenye seli shina: RNA-seq, watu sita au zaidi, dozi kadhaa chini ya mikromola moja, kisha qPCR kuthibitisha kwa watu wengine ambao hawakuwa kwenye kundi la kwanza. Ukithibitisha kwa RNA ile ile iliyosomwa, umethibitisha mashine tu. Hapa kuna pengo ambalo watafiti wa kwetu wanaweza kulijaza. Utafiti mkubwa wa mwaka 2018 uliounganisha tofauti za DNA na mwitikio wa jeni kwa doksorubisini ulitumia seli za watu 45, wote kutoka jamii ya kidini ya Wahutterite wa Marekani, watu wenye asili ya Ulaya. Seli shina za Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, zipo na zimewahi kugeuzwa seli za moyo, lakini Ibadan si Moshi wala Kisumu. Mwanamke anayeanza mizunguko minne ya miligramu 60 Dar es Salaam au Nairobi anafikia jumla ya 240, chini ya viwango vya kutisha vya Von Hoff, na bado hatuwezi kumwambia kwa jeni zake mwenyewe kama yumo miongoni mwa wachache watakaoumia.

Swali lako ni kovu, kinga au mishipa: panya na kiini kimoja kimoja, au usiingie kabisa.

Na kama dawa yako si antrasiklini, rudi mwanzo. Trastuzumabu, dawa nyingine ya saratani ya titi, huumiza moyo kwa kuzuia kipokezi cha HER2, bila kukata DNA, na mara nyingi moyo hurudia nguvu dawa ikisimamishwa. Katika utafiti ule wa Galveston, ilipopimwa kwa mashine ile ile iliyoonyesha maelfu ya jeni kwa antrasiklini, haikutikisa jeni za seli za moyo hata baada ya saa 24. Anayepanga kuichunguza kwa RNA peke yake atalipia faili kubwa lisilo na kitu. Kwa dawa hiyo weka fedha kwanza kwenye kupima mapigo ya seli na mwendo wa kalisi, na RNA ije baadaye.